Miezi Sita Kabla ya Theluji

Mwaka wa mwanaskii wa Norway huanza tarehe 1 Mei. Siku hiyo theluji ya mabondeni imekwisha kuyeyuka, barabara zimekauka, na majirani zake wanatoa baiskeli stoo. Yeye hufungua daftari jipya la mazoezi na kuandika saa ya kwanza. Mbio zake za kwanza zenye uzito zitakuja Novemba, huko Beitostølen, kijiji cha milimani ambako Wanorway hufungulia msimu wao. Hapo katikati kuna miezi sita na ushei, na sehemu kubwa ya muda huo hatakanyaga theluji kabisa. Dunia humwona Februari, medali zinapogawiwa. Mimi humheshimu zaidi kwa anayoyafanya Juni, Agosti na Oktoba, kwa sababu huko ndiko ufundi wake unakotengenezwa, na Novemba ndio mwezi wa kuupima.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu: skii za nyika ni jambo tofauti kabisa na wale wanaopandishwa mlimani kwa viti vya umeme kisha wakashuka kwa kasi. Hapa mtu hujipandisha mwenyewe. Miguuni ana skii mbili ndefu, nyembamba kuliko kiganja, zilizoshikizwa kwenye ncha ya kiatu tu ili kisigino kiwe huru kunyanyuka. Mikononi ana fimbo mbili nyepesi. Njia ya mashindano hupangwa ili takriban theluthi yake iwe ya kupanda, theluthi ya kushuka, na iliyobaki iwe ya vilima vidogo vidogo. Mbio zaweza kuwa za kilomita 10, 20 au 50, au zile za kasi ambazo mzunguko wake humalizika kwa dakika tatu hivi. Tangu msimu wa 2022/23 wanawake na wanaume wa Kombe la Dunia la skii, mfululizo wa mbio wa kila msimu, hukimbia masafa yaleyale.

Mitindo ni miwili. Katika mtindo wa kale skii hupita sambamba ndani ya mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji. Katika mtindo huru mtu husukuma mguu mmoja pembeni, akahamia juu ya mwingine, akasukuma tena. Huu wa pili ulishika kasi mapema katika miaka ya 1980, Mmarekani Bill Koch alipoonyesha jinsi unavyowaacha wengine nyuma, na ulikaribia kuufuta ule wa kale kabla wakuu wa mchezo hawajaamua kila mtindo uwe na mbio zake. Nashukuru waliamua hivyo. Mtindo wa kale ungepotea, dunia ingepoteza mojawapo ya miondoko mizuri kabisa ambayo mwili wa binadamu umejifunza.

Lakini turudi kwenye daftari. La Marit Bjørgen linajulikana. Mama huyu wa Norway alistaafu mwaka 2018 akiwa na medali 15 za Olimpiki, 8 kati yake za dhahabu, na hapakuwa na mwanamichezo yeyote wa Olimpiki ya majira ya baridi aliyewahi kufikisha nyingi hivyo. Watafiti walipitia kumbukumbu za mazoezi yake ya miaka mingi na kuchapisha walichokiona mwaka 2017. Akiwa na umri wa miaka 20 alifanya mazoezi ya saa 522 kwa mwaka. Alipofika miaka 35 zilikuwa saa 940. Na katika mazoezi ya ustahimilivu, takriban saa tisa katika kila kumi alizitumia kwa mwendo mwepesi.

Hapo kwenye mwendo mwepesi ndipo wengi hushindwa kuelewa, na ndipo pa kutulia kidogo. Mwendo mwepesi maana yake ni kwamba unaweza kuzungumza na mwenzako sentensi nzima bila kukata pumzi. Kilima kikiwa kikali, unatembea. Kijana wa klabu akikupita, unamwacha aende zake. Saa mbili, saa tatu, wakati mwingine zaidi, moyo ukipiga taratibu, ukijifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Vijishipa vya damu ndani ya misuli huongezeka, na misuli yenyewe hujifunza kutumia mafuta ya mwili, ikaiweka sukari akiba kwa ajili ya kilima cha mwisho. Kazi hii hukua polepole, wala haiharakishiki. Anayeikimbiza huchoka kiasi cha kushindwa kuirudia kesho, na mchezo huu wote umesimama juu ya kuweza kurudia kesho.

Siku ya mazoezi makali nayo inakuja, mara moja au mbili kwa wiki, vipindi vya dakika kadhaa kila kimoja, kilima juu. Hata hapo kuna kujizuia. Baada ya kila kipindi mwanaskii hunyoosha kidole, kocha anakichoma kwa sindano ndogo na kupima tone la damu, kuona kiasi cha lakteti, kemikali inayoongezeka misuli inapofanya kazi kali. Kikipanda kupita kiwango kilichopangwa, kipindi kinachofuata huendeshwa polepole zaidi, hata kama mwenyewe anajisikia ana nguvu za simba. Kwangu mimi hili ndilo fungu gumu kuliko yote katika ufundi huu. Kujichosha anaweza kila mtu mwenye moyo mgumu. Kusimama kwenye mstari uliopangwa, siku baada ya siku, huku mwili ukiwa na uwezo wa kuuvuka, kunahitaji tabia ya aina yake. Wasomaji waliowahi kusimama kando ya barabara ya vumbi kule Iten au Kaptagat, Kenya, alfajiri wanalijua hili kwa macho: kundi la mabingwa wa mbio huondoka kwa mwendo ambao hata mgeni angeweza kuufuata kwa kilomita ya kwanza.

Tofauti na mkimbiaji, mwanaskii hana uwanja wake wa kazi kwa nusu mwaka. Inambidi autengeneze kutokana na vitu vingine. Hukimbia msituni juu ya udongo laini. Hupanda milima akiwa na fimbo, akiruka kutoka mguu hadi mguu kwa hatua ndefu, akiiga kilima cha skii. Hunyanyua vyuma, kwa kuwa mchezo huu hudai mikono, mgongo na tumbo karibu sawa na miguu. Zaidi ya yote hutumia skii za magurudumu: ubao mfupi wenye gurudumu mbele na nyuma, ambao huendeshwa juu ya lami kwa fimbo zenye ncha ya chuma kigumu. Aina nyingi hazina breki. Ukipita barabara za Norway mwezi Julai utawaona, kofia ngumu kichwani na fulana ya rangi kali ili madereva wawaone, wakipanda kwa saa nzima bila kusimama.

Wana hata mashindano ya kiangazi. Katika tamasha la Blink, kusini-magharibi mwa Norway, kuna mbio za kupanda kutoka Lysebotn, kwa barabara iliyotoboa na kuzunguka ukuta wa mlima kwa kona kali 27, ikianzia karibu na maji ya bahari. Magurudumu hayatelezi huko; ni kusukuma kutoka mwanzo hadi mwisho. Majina makubwa ya Kombe la Dunia hujitokeza, wakachoka mbele ya watu, kisha wakarudi kwenye saa zao za mwendo mwepesi.

Katika kazi ya kiangazi nafasi kubwa huchukuliwa na msukumo wa fimbo mbili kwa pamoja. Mtazamaji hudhani ni kazi ya mikono. Ukitazama kwa utulivu utaona mikono inaanza mwishoni. Mtu hujinyanyua kwanza hadi juu ya vidole vya miguu, nyonga mbele. Anaziweka fimbo chini. Kisha anauangusha mwili wake wote juu yake, tumbo likikaza na kubeba mzigo, na mikono humalizia tu kazi iliyokwisha kufanywa na uzito. Walioumudu vizuri wameubadilisha mchezo. Kwenye Vasaloppet ya Sweden, mbio za kilomita 90 zilizoanza mwaka 1922, wanaume wa mbele siku hizi husukuma hivyo njia nzima bila kupiga hatua ya miguu. Wenye kuutunza mtindo wa kale waliingiwa na hofu, na kwa haki. Tangu msimu wa 2016/17 fimbo za mtindo wa kale hazitakiwi kuzidi asilimia 83 ya urefu wa mtu, na kwenye baadhi ya vilima kuna sehemu zilizowekwa alama ambako kusukuma fimbo mbili ni marufuku.

Sasa nije kwenye jambo linalonivuta kuliko yote. Ili mtu apande mlima kwa mtindo wa kale, skii yake lazima isimame. Mguu wa kulia unapopiga, skii ya kulia haisogei hata kidogo juu ya theluji. Imeshika. Mwili unaipita, ile ya kushoto inateleza mbele, kisha zamu inabadilika. Kusimama huko huchukua kipande kidogo sana cha sekunde, na hurudiwa maelfu ya mara katika mbio moja. Pigo sahihi huanza pale miguu miwili inapokutana sambamba, nyonga ikiwa juu na mbele, na uzito wote ukishuka wima juu ya mguu mmoja. Anayechelewa, mwili wake umekwisha kupita. Pigo lake linaelekea nyuma badala ya chini, skii inachomoka, na nguvu aliyoilipia kwa pumzi inapotelea hewani.

Huo uzito wote juu ya mguu mmoja ndio kazi ya miaka. Anayejifunza huogopa kuanguka, kwa hiyo hubakiza sehemu ya uzito kwenye mguu wa pili. Matokeo yake skii ya kupiga haishiki vizuri na skii ya kuteleza haitelezi vizuri, kwa sababu kila moja imepewa nusu ya kazi ya mwenzake. Mwalimu anaweza kumweleza mara mia, lakini mwili hauamini maneno. Hutakiwa aache fimbo kando na kwenda bila kushika chochote, au avue skii moja na kuteleza kwa iliyobaki, mpaka kifundo cha mguu kijifunze kutulia. Mazoezi hayo ya kitoto hayaachwi hata baada ya medali ya dhahabu. Mabingwa huyarudia kila mwanzo wa msimu, kwenye uwanda, kwa uvumilivu ule ule.

Muundo wa skii yenyewe unadai hivyo. Skii ya mtindo wa kale ni kama upinde: ukiilaza sakafuni hugusa mbele na nyuma, katikati imepinda juu. Mtu akisimama kwa miguu yote miwili, upinde haulali kabisa. Akisimama kwa mmoja na kupiga, unalala. Hapo chini ya mguu, penye upinde, ndipo inapopakwa nta ya kushika. Wakati wa kuteleza nta hiyo inaning'inia juu ya theluji bila kuigusa. Wakati wa kupiga inabanwa chini na kung'ang'ania. Mafundi hupima kwa kipande cha karatasi: mtu akisimama juu ya skii zote mbili karatasi ipite chini ya mguu bila kukwama, akihamia kwenye moja ibanwe. Kwa hiyo skii ngumu mno kwa uzito wake humnyima kushika, na laini mno humkokota. Ndiyo maana mwanaskii wa daraja la juu husafiri na jozi nyingi, na kila jozi ina tabia yake inayojulikana.

Nta nayo ni elimu inayojitegemea. Theluji mpya ya baridi kali ina chembe zenye ncha, na hutaka nta ngumu. Ikizeeka, ncha hulika. Ikiyeyuka na kuganda tena hugeuka barafu ya chembechembe, na hapo hupakwa gundi nzito itokayo kwenye mrija, inayonata kwenye vidole, nguo na kila kitu. Siku mbaya kuliko zote ni ile ya nyuzi sifuri, theluji ikidondoka juu ya njia yenye maji, kwa kuwa nta iliyofaa saa tatu asubuhi yaweza kuwa msiba saa nne. Norway, yenye mafundi wengi na uzoefu mrefu, iliteleza vibaya kwenye Olimpiki ya Sochi mwaka 2014: katika mbio za kupokezana wanawake wake walimaliza wa 5 na wanaume wa 4, na skii zilitajwa kuwa chanzo kikubwa. Halafu ikaja marufuku. Kemikali za florini, ambazo kwa miaka mingi ziliifanya nta ifukuze maji kuliko kitu kingine chochote, zilipigwa marufuku kwenye Kombe la Dunia kuanzia msimu wa 2023/24 kwa sababu ya madhara yake kwa afya na mazingira, na skii zikawa zinapimwa kwa mashine. Mafundi ilibidi waanze upya na kujifunza kuisoma theluji wenyewe. Naona ni hasara iliyoleta faida.

Hapa Afrika Mashariki tunaye shahidi wa ukweli huu wote. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa Kenya wa mbio za kati. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza skii, na Februari 1998 alisimama kwenye mstari wa Olimpiki ya Nagano, kilomita 10, mtindo wa kale. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia, na Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kisa hicho kimesimuliwa sana kwa ajili ya kumbatio hilo. Mimi huziangalia zile dakika 20. Boit alikuwa na mapafu na moyo wa mkimbiaji wa Bonde la Ufa, na alikuwa na nia. Alichokosa ni misimu kumi na tano ya kusimama juu ya mguu mmoja, ambayo mtoto wa Norway huanza kuikusanya kabla hajaanza shule. Alijitosa kwenye ufundi huo akiwa mtu mzima, mbele ya kamera za dunia, kisha akarudi tena kwenye Olimpiki za 2002 na 2006. Anastahili heshima kubwa kuliko aliyopewa.

Oktoba inapoingia, mwanaskii huanza kutafuta theluji. Wengine hupanda kwenye barafu ya kudumu ya Dachstein, Austria. Wengine hujifungia ndani ya mahandaki yenye theluji ya friji, kama lile la Vuokatti nchini Finland, lililofunguliwa mwaka 1997, au la Torsby nchini Sweden, ambako hukimbia huku na huko chini ya taa kwa saa mbili. Davos, Uswisi, hufanya jambo linalonifurahisha: theluji ya msimu uliopita hurundikwa, ikafunikwa kwa tabaka nene la vumbi la mbao, ikavuka kiangazi chote humo, na mwishoni mwa Oktoba ikatandazwa bondeni kuwa njia ya kilomita 4 hivi. Nyasi huwa bado za kijani pande zote mbili. Miaka ya karibuni akiba hizi zimekuwa za lazima, kwa kuwa theluji ya asili huchelewa na barafu za milimani zinarudi nyuma.

Siku za kwanza juu ya theluji huwa za unyenyekevu. Skii za magurudumu za mtindo wa kale zina kifaa kinachozuia gurudumu kurudi nyuma, hivyo pigo halichomoki kamwe, hata likiwa la ovyo. Miezi mitano ya lami humdekeza mtu. Anaporudi kwenye theluji, makosa yote yaliyofichwa na lile gurudumu hutokea hadharani: pigo linachomoka, nyonga imerudi nyuma, muda umepotea. Bingwa wa dunia na kijana wa klabu hujikuta wote wakienda taratibu kwenye njia fupi, kichwa chini, wakiisikiliza miguu yao. Hawana haraka. Wanajua inachukua siku kadhaa kwa kifundo cha mguu kukumbuka.

Na hapo ndipo Novemba inapofika. Beitostølen ina jambo ambalo Olimpiki haina: wote huja kwa jezi za klabu zao. Aliyeshinda dhahabu msimu uliopita husimama kwenye orodha moja na mwanafunzi wa sekondari, na katika kilomita 10 huondoka mmoja mmoja, kila baada ya sekunde 30, kila mtu na saa yake. Kwa Wanorway wengi huu ndio mtihani wa kupata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia, kwa sababu nafasi za kila nchi zina kikomo na nchi hiyo ina watu wengi wanaofaa kuliko nafasi. Wakati huohuo Wasweden hufungua msimu wao Bruksvallarna, na Wafini kule Muonio.

Matokeo ya wikendi hiyo husomwa vibaya na magazeti. Waliozoea huja miguu ikiwa bado mizito kwa mazoezi, kwa makusudi, kwa kuwa hawataki kuwa kwenye kilele mapema mno. Wanachokitafuta ni majibu ya maswali madogo. Je, pigo linashika hata kwenye kilima cha nne, pumzi ikiwa imekatika? Je, kilomita ya kwanza nilikwenda kwa kiasi, au nilipumbazwa na wepesi wa miguu iliyopumzika? Je, jozi ile mpya inaenda vizuri kwenye theluji ya kutengenezwa? Wengine humaliza wa 25, wakafungua daftari na kuandika kwa utulivu, maana walichokuja kukijua wamekijua. Kuna walioshinda Novemba na ambao Februari hawakuonekana. Hilo hutokea karibu kila msimu, na anayeufuata mchezo huu hujifunza kutotabiri kwa mihemko. Mafua nayo ni adui wa kudumu. Mapafu yaliyofanya kazi kwenye baridi kali hushikwa kwa urahisi, kwa hiyo mwanaskii mwenye busara akihisi koo linakwaruza hujitoa kwenye mbio, hata kama ametoka mbali.

Ruka, kaskazini mwa Finland, karibu na Kuusamo, ndiyo huufungua mwaka wa Kombe la Dunia, mwishoni mwa Novemba. Mchana huko ni mfupi, taa zinawaka mapema, na baridi inaweza kukaribia nyuzi 20 chini ya sifuri, kiwango ambacho mbio husimamishwa. Kwa kawaida kuna siku tatu: mbio za kasi na kilomita 10, zote za mtindo wa kale, kisha kilomita 20 za mtindo huru. Katika mbio za kasi kila mtu hupimwa kwanza peke yake, 30 bora wakabaki, wakapangwa sita sita, na njia yenyewe ina kilima kinachochagua watu bila huruma.

Novemba 2017 Johannes Høsflot Klæbo, aliyekuwa ametimiza miaka 21 mwezi mmoja tu kabla, alishinda siku zote tatu za Ruka. Wengi waliona kijana mwenye kasi. Waliotazama miguu yake waliona jambo jingine: kwenye kilima kikali alifupisha hatua, akawa karibu anakimbia juu ya skii, kila pigo likishuka wima chini yake, hakuna hata moja lililochomoka, huku wengine wakipambana na hatua ndefu. Aliyemfundisha tangu ujanani ni babu yake, Kåre Høsflot. Miezi mitatu baadaye alitwaa dhahabu tatu kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, na mwaka 2025, mjini kwao Trondheim, akashinda mbio zote sita za ubingwa wa dunia. Leo vijana wa kila nchi hujaribu kukimbia kilima kama yeye. Wengi wanaiga hatua zake za haraka na kuusahau ule utulivu wa nyonga unaozibeba, na kwa hiyo huchoka nusu ya kilima.

Ruka huonyeshwa kwenye televisheni na kwenye intaneti. Ukiipata, achana kidogo na saa na majina. Chagua kilima kirefu katika kilomita 10 za mtindo wa kale, na uangalie mguu wa nyuma tu. Kwenye mzunguko wa kwanza skii za karibu wote zitasimama vizuri. Ngoja mzunguko wa mwisho. Yule ambaye skii yake bado inasimama, hata kama ni wa kumi na tano kwenye matokeo, mwandike jina lake, na umtafute tena Februari.